Mdomo Umefumba, Maneno Yangali Yanatoka

Katika nyumba nyingi za mji wetu wa Songea, kuanzia Mfaranyaki hadi Bombambili na kutoka Majengo hadi Lizaboni, imo mikanda ya video ambayo imekwisha kukaa kabatini zaidi ya robo karne, au imepangwa ndani ya sanduku la bati chini ya vitenge vya sherehe zilizopita, na ambayo wenyewe, baada ya kuona kuwa deki imekufa na wazee waliomo katika mikanda hiyo wanazidi kupungua duniani, wameanza kuipeleka kwa mafundi wa steshenari ili ihamishiwe katika fleshi. Jambo hili ni jema, nami nalishangilia. Lakini kazi nyingi zinazorudi kutoka kwa mafundi hao zina ila moja ambayo watu wameizoea upesi kuliko inavyostahili kuzoewa, nayo ni kwamba sauti imeachana na picha. Baba wa bibi arusi amekwisha kufumba mdomo na kuketi, na hotuba yake ingali inaendelea. Mkono wa mwalimu wa kwaya umeshuka na waimbaji wamefungua vinywa, ilhali kinachosikika ni kikohozi cha mtu aliyekohoa kabla ya wimbo. Mama anapiga vigelegele kimyakimya, kisha, akishageuka kumkumbatia jirani yake, vigelegele vinafika.

Mwenye mkanda akiuliza, huambiwa kuwa mkanda umechoka. Na kwa kuwa mkanda kweli ni wa zamani, na yeye si mjuzi wa mambo hayo, hushukuru, hulipa, na aghalabu huziacha kaseti zake palepale dukani zitupwe, akidhani kuwa hazina kazi tena. Neno langu leo ni kwamba jawabu hilo mara nyingi si kweli. Sauti na picha hazikuachana ndani ya mkanda. Zimeachanishwa njiani, kati ya deki na kompyuta, na aliyeziachanisha anaweza kuzipatanisha akitaka, na akilipwa inavyostahili. Maadamu ni hivyo, hapana mtu anayelazimika kuipokea kazi ya namna hiyo, wala hapana mtu anayepaswa kuutupa mkanda kabla hajaitazama nakala yake hadi mwisho.

Yamkini msomaji wa Dar es Salaam ataona kuwa nalikuza jambo dogo, kwani yeye anazo njia nyingi za kuitazama jana yake. Sisi wa kusini hatunazo. Zanzibar ilianzisha televisheni mwaka 1973, tena ya rangi. Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi 1994, kwa kuwa viongozi wa wakati ule waliihesabu televisheni kuwa anasa katika nchi yenye haja kubwa zaidi, na sina kusudio la kuufufua mjadala huo hapa. Natija yake ndiyo inayotuhusu. Katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, mtu wa Songea aliyekuwa na seti ya televisheni sebuleni hakuwa na kituo cha kukamata. Seti ile ilinunuliwa kwa ajili ya deki, na deki kwa ajili ya filamu za Kihindi na za Hong Kong, na baadaye, alipotokea mtaani mtu wa kwanza mwenye kamera ya kuweka begani, kwa ajili ya arusi za nyumbani. Video, kwa hiyo, iliitangulia televisheni huku kwetu. Walikuwapo wapiga filamu wa serikali, na kazi yao yastahili sifa, lakini wao walishughulika na mambo ya taifa zima. Kipaimara cha binti wa Matogoro, mavuno ya kahawa katika shamba la familia huko Mbinga, ngoma ya lizombe iliyochezwa si kwa ajili ya mgeni rasmi bali kwa raha ya wachezaji wenyewe, hayo yote yamo katika mikanda ya watu binafsi au hayamo popote.

Tena na tuutazame umri. Mtu aliyezaliwa hapa mwaka 1910 alilelewa mikononi mwa watu walioviona kwa macho yao vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na walioikumbuka siku ya 27 Februari 1906, ambayo Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni katika mji huu. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa mikoani kukusanya masimulizi ya wazee juu ya vita hivyo, na kazi yao ni amana kubwa. Lakini kilichotufikia ni maandishi. Mtu yule wa 1910, kama alikutwa na kamera katika arusi ya mjukuu wake mwaka 1992, akakishika kipaza sauti na kuanza kwa Kingoni kabla ya kuingia katika Kiswahili, alitoa ushahidi wa namna nyingine kabisa, wenye sauti, na midomo, na kidole kinachonyooka panapotajwa jina la mahali. Kijana wa leo ambaye Kingoni chake ni cha kubahatisha anaweza kuliona neno likiumbwa kinywani na kulisikia likitoka wakati huohuo, na hivyo kujifunza asichoweza kujifunza kitabuni, ikiwa tu sauti haikuchelewa. Ikichelewa, haimfundishi, bali humpoteza. Mwaka 1976, ambao ndio mwaka kampuni ya JVC ya Japani ilipoitoa VHS sokoni, wataalamu wawili, Harry McGurk na John MacDonald, walichapisha majaribio yaliyodhihirisha kuwa mtu akionyeshwa midomo inayotamka silabi moja huku akisikilizishwa silabi nyingine, aghalabu husikia silabi ya tatu ambayo haikutamkwa na yeyote. Jicho halikai kando sikio likisikiliza.

Kusini ina sehemu yake katika historia ya sauti na picha za Kiswahili. Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa wilaya ya Songea ya enzi zile, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, alijulikana kwa watu kwanza kwa uigizaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alicheza katika filamu za Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu, katika zama ambazo sinema ilimfuata mtu kijijini kwa gari. Filamu za milimeta 16, zilizokuwa zikibebwa na magari ya namna hiyo, ziliandikwa sauti yake fremu 26 mbele ya picha inayohusika nayo, kwa kuwa mashine haiwezi kuisoma sauti mahali palepale inapoiangaza picha; na opereta aliyekosea ukubwa wa kitanzi cha filamu baina ya lenzi na kisomea sauti aliwafanya waigizaji waseme kabla ya midomo yao au baada yake. Kasoro hii basi ina umri mkubwa kuliko wengi wa wasomaji wangu, na dawa yake hata siku zile ilikuwa opereta kuisimamisha mashine na kukirekebisha kitanzi. Hapakuwa na opereta wa kuwaambia watazamaji waliokaa nyasini kuwa filamu imechoka.

Sasa na tuingie ndani ya mkanda wenyewe, kwani hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Mkanda wa VHS ni utepe wenye upana wa milimeta 12.7, unaotembea polepole, chini ya sentimeta mbili na nusu kwa sekunde. Picha huandikwa na vichwa vilivyomo katika pipa dogo la chuma linalozunguka mara 25 kwa sekunde, kila mzunguko ukiacha fremu moja kwa mistari ya mshazari; sauti ya kawaida huandikwa na kichwa kingine kilichotulia, pembezoni mwa utepe, sentimeta kadhaa kutoka hapo. Utepe ni mmoja, na mwendo ni mmoja. Mpira wa deki ukilegea na utepe ukasuasua, vyote viwili husuasua pamoja. Utepe ukiwa umevutika kwa joto, vyote viwili vimevutika. Ndiyo maana mkanda wa mwaka 1989, wenye chenga na mistari na rangi zilizofifia, ukichezwa katika deki nzima iliyounganishwa moja kwa moja na televisheni, utaona mkono wa mpiga ngoma ukigusa ngozi ya ngoma na mlio ukatoka papo hapo. Jaribio hilo halihitaji elimu wala gharama, na fundi yeyote mwenye deki anaweza kulifanya mbele ya mteja. Mdomo ukilingana na sauti katika televisheni lakini usilingane katika fleshi, mkanda hauna hatia.

Hatia iko mbele kidogo. Kutoka katika deki hutoka waya tatu zinazojulikana na kila mtu aliyewahi kuunga deki: ya njano inayobeba picha, na nyekundu na nyeupe zinazobeba sauti. Katika maduka mengi waya ya njano huingizwa katika kifaa kidogo cha kunasia kinachochomekwa ubavuni mwa kompyuta, na hizi mbili, kwa kuwa kifaa hicho ni cha bei ya chini na upande wake wa sauti ni dhaifu au umeharibika, hupelekwa katika tundu la maikrofoni la kompyuta yenyewe. Tangu hapo picha inapimwa muda na saa moja, iliyomo katika kifaa, na sauti inapimwa na saa nyingine, iliyomo katika kompyuta. Na saa mbili za bei ndogo hazipatani kamwe. Ni kama wapagazi wawili waliotoka Songea pamoja kwenda Peramiho, mmoja akipiga hatua fupi kuliko mwenzake kwa upana wa ukucha: penye daraja la kwanza wangali bega kwa bega, na mtu akiwatazama hapo ataapa kuwa watafika pamoja.

Hesabu yake si ngumu. Sauti hunaswa kwa vipimo 48,000 katika kila sekunde. Ikiwa saa ya kompyuta inakimbia kidogo tu, ikatoa vipimo 48,005, faili litaandikwa kuwa ni 48,000 na litachezwa hivyo, na kila saa moja ya arusi sauti itakuwa imechelewa kwa zaidi ya theluthi moja ya sekunde. Mkanda wa E-180 hubeba saa tatu. Kufika kwenye kufungua muziki, mshereheshaji atakuwa amechelewa kwa sekunde moja na ushei nyuma ya mdomo wake. Na sekunde moja ni nyingi mno. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, katika pendekezo lake la mwaka 1998, uliweka kiwango kuwa mtazamaji huanza kutambua kasoro sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 au ikichelewa kwa milisekunde 125. Tofauti ya namba hizo mbili yafaa kufikiriwa kidogo: sauti husafiri polepole kuliko mwanga, nasi tangu utotoni tumezoea kumwona mtu wa ng'ambo ya bonde akishusha shoka kabla ya kulisikia, basi twavumilia sauti inayochelewa kuliko inayotangulia, ambayo maumbile hayakutuonyesha kamwe.

Ila ya pili ni mbaya zaidi kwa kuwa haina utaratibu. Mikanda yetu imejaa makato. Mpiga picha alizima kamera kila chakula kilipochelewa, akaiwasha tena. Na katika kunakili mkanda kutoka deki hadi deki, umeme ulikatika katikati ya kazi, kwani Songea ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea mitambo ya dizeli, hadi mwaka 2018 ilipofikiwa na njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Kila mahali penye kato, mapigo yanayoiongoza picha hupotea kwa muda, na kifaa cha kunasia, kisijue la kufanya, huziangusha fremu zisizosomeka. Saa moja ya video yetu ina fremu 90,000. Zikianguka 25 tu, picha imefupika kwa sekunde nzima, wakati sauti, isiyojali mapigo hayo, imeendelea kwa urefu wake. Hapo sauti haiachani na picha kidogo kidogo. Inaruka, tena inaruka, na mtu akijaribu kuinyoosha kwa kipimo kimoja toka mwanzo hadi mwisho ataharibu hata palipokuwa pazima.

Ya tatu ni uzembe mtupu, nami siikawilii: sauti iliyonaswa kwa vipimo 44,100 ikafunguliwa kana kwamba ni 48,000, ikawa arusi ya saa nzima imeimbwa kwa dakika 55 na kila mwanamume ana sauti ya kijana asiyebalehe. Atakayekuuzia kazi ya namna hiyo hakuisikiliza.

Dawa ya kwanza ni kuzuia. Waya zote tatu na ziingie katika kifaa kimoja, chenye saa moja. Na baina ya deki na kifaa hicho na kiwekwe kirekebisha muda, ambacho huipokea picha inayotetemeka, huihifadhi kwa kitambo kidogo sana, na kuitoa kwa mapigo yaliyonyooka, hata kompyuta isione kato kuwa ni kato. Vifaa vya kitaalamu vya kazi hiyo ni ghali, lakini baadhi ya mashine za kurekodia DVD za miaka ya 2000, ambazo leo zimekaa vumbini katika maduka ya mafundi redio, zina kirekebisha cha namna hiyo ndani yake, na huweza kupitishiwa picha bila ya kurekodi chochote. Zaidi ya hayo, kompyuta inayonasa isipewe kazi nyingine. Nimeona duka ambamo kompyuta ileile inayonasa mkanda wa mteja inachapa barua, inapunguza ukubwa wa picha za pasipoti na kupiga muziki wa kuwaburudisha wapita njia. Kisha watu hustaajabu kuwa fremu zimeanguka.

Lakini mara nyingi nakala imekwisha kuharibika, na swali ni la kutengeneza. Fundi mwenye idili hutafuta mwanzoni mwa faili tukio lenye mshindo unaoonekana: kofi moja, chupa ya soda inayofunguliwa, au, kwa bahati njema ya mkoa wetu, pigo la ngoma. Filamu za sinema hugongewa kibao mbele ya kamera kwa sababu hiyohiyo. Sisi hatukuwa na kibao, ila tulikuwa na lizombe. Katika picha, ataitafuta fremu ambayo kiganja kimegusa ngozi. Katika mchoro wa sauti, ambao programu ya bure kama Audacity huuonyesha, atautafuta ukingo wa mlima unaoinuka ghafla. Atapima tofauti. Kisha ataenda karibu na mwisho wa faili na kupima tena. Tofauti ikiwa ileile, ataisogeza sauti yote mara moja na kazi imekwisha. Ikiwa imekua, atachukua urefu wa muda baina ya mapigo mawili katika picha, augawanye kwa urefu wa muda baina ya mapigo yaleyale katika sauti: mathalani sekunde 3,600 kwa sekunde 3,600.9, nayo yatoa 0.99975, na kwa kipimo hicho ataukaza mwendo wa sauti yote, mabadiliko madogo kiasi kwamba hata mwalimu wa kwaya hataisikia noti ikipanda. Na ikiwa katikati ya faili hesabu hiyo haikubali, ajue kuwa pana mruko; autafute kwa kuigawa saa nusu kwa nusu, akate sauti pale kimya kilipo, ausogeze upande wa pili peke yake.

Kazi hiyo yahitaji subira zaidi ya elimu. Na hapa sina budi kuwatendea mafundi insafu, maana nimewasema. Mkanda wa saa tatu hunaswa kwa saa tatu kamili, hapana njia ya mkato. Marekebisho yanaweza kula saa nyingine kadhaa. Na mteja huja akitaka kazi kesho, kwa bei inayokaribia ile ya kurudufu karatasi, akitaja jirani yake aliyefanyiwa kwa bei ndogo zaidi. Bei hiyo hainunui kazi hiyo. Yuko pia mteja anayelalamika bila haki: amelicheza faili katika televisheni yake akitumia sabufa isiyo na waya, ambayo yenyewe huichelewesha sauti, kisha anamrudia fundi kwa ghadhabu. Kabla ya kugombana, asikilize kwa visikizio vya waya. Na ipo mikanda ambayo kwa hakika imeugua, iliyokaa masika baada ya masika mahali penye unyevu hata ikaota ukungu mweupe pembeni ya gurudumu. Hiyo isitiwe katika deki kabla ya kusafishwa, kwani itaichafua deki, na deki itauchafua mkanda wa mtu mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wachache hulizingatia. Mikanda mingi ya arusi ya miaka ya 1990 ilipambwa: mhariri aliifuta sauti ya ukumbini na kuweka juu yake muziki, ili ipendeze. Wenye mikanda hudhani kuwa hotuba za wazee zilipotea siku ile. Sivyo daima. Ikiwa mkanda ulirekodiwa kwa mashine ya Hi-Fi, una sauti ya pili iliyoandikwa na vichwa vinavyozunguka, chini ya picha yenyewe, ambayo haifutiki bila kuifuta picha. Muziki uliwekwa kwenye ule ukingo tu. Deki ya Hi-Fi ina kitufe cha kuchagua baina ya sauti hizo mbili. Kukibonyeza ni jambo la sekunde moja, na katika baadhi ya nyumba kutamrudisha babu anayezungumza mahali ambapo kwa miaka thelathini palikuwa na kinanda.

Nimesema mikanda isitupwe, na sababu yake ni hii ya wazi, kwamba kila njia bora ya kunasa haina faida kwa mtu aliyebaki na nakala mbovu. Jambo hili limekwisha kutupata mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu walizihamishia arusi zao katika VCD, wakazirekodia kaseti zao mpira na miziki ya televisheni, na leo kilichobaki kwao ni picha yenye mistari 288 badala ya 576 ya mkanda, katika santuri iliyokwaruzwa. Tusirudie. Tena muda si mwingi: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016, na mwaka 2019 UNESCO, pamoja na jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha, ilianza kuwatahadharisha wenye mikanda kuwa baada ya 2025 itakuwa shida kuichezesha, si kwa sababu ya mikanda tu bali kwa uhaba wa mashine, vipuri na watu wanaojua kuzitengeneza. Mwaka huo umepita. Kila deki nzima iliyopo Songea leo ni mali ya mji mzima, awe anaimiliki nani.

Kwa hiyo napendekeza, na wenye mamlaka walipime pendekezo hili, kwamba mkoa wetu uwe na mahali pamoja pa kufanyia kazi hii kwa utaratibu: deki mbili nzima, mojawapo ikiwa ya Hi-Fi, kirekebisha muda kimoja, kifaa cha kunasia cha kuaminika, na kijana aliyefundishwa na anayelipwa. Makumbusho ya Majimaji hapa mjini yangefaa, kwani watu huizoea njia yake kila Februari tunapowakumbuka mashujaa. Peramiho nako, ambako wamisionari wa Kibenedikti wamekaa tangu 1898 na kujenga desturi ya uchapaji na utunzaji wa vitabu, kungefaa vilevile. Gharama ya vifaa vyote hivyo haifikii ya sherehe moja ya kawaida ya kiserikali yenye mahema na vipaza sauti. Wananchi walete mikanda, wachukue faili lililolingana, na wakiridhia waache nakala moja kwa ajili ya mkoa. Asiyeridhia asilazimishwe, kwa maana mazishi ya mama yake ni yake.

Kabla mahali hapo hapajapatikana, mteja na aanze na mambo yaliyomo katika uwezo wake. Anapokabidhi mkanda, amwambie fundi mapema kuwa atalipa zaidi kidogo kwa ajili ya marekebisho, na kwamba kaseti zitarudi nyumbani. Anapoijia kazi, asitazame mwanzo wa faili, ambapo hata nakala mbovu hupendeza. Alisogeze hadi robo saa ya mwisho, atafute mtu aliyepigwa picha kwa karibu akizungumza, au watu wanaopiga makofi, atazame kwa dakika nzima. Midomo na sauti zikihitilafiana, asitoe pesa bado. Amrudishie fundi kazi yake kwa lugha ya adabu, na kaseti aziombe zibaki juu ya meza mpaka iwe tayari.